Hasara Ikija, Nani Anaibeba?

  

Ndugu msikilizaji, uliyeko Nkololo na kata jirani, wewe wa Bariadi mjini, wewe wa Itilima, Maswa, Meatu na Busega, karibu tena katika mazungumzo yetu ya jioni. Kama ndiyo kwanza unarudisha ng'ombe zizini, sogea karibu na redio. Kama uko jikoni mama, endelea kusonga ugali. Mazungumzo haya hayakuzuii kazi.

Leo tuna habari ya bei. Sitakusomea bei ya pamba, maana hiyo unaijua kuliko mimi. Nataka tuwazungumzie watu wanaobishana namna bei inavyopaswa kupatikana. Je, Serikali itoe bei elekezi, au wanunuzi waachwe washindane? Je, mkulima auze kupitia chama chake cha ushirika tu, yaani AMCOS, au amuuzie anayemtaka? Halmashauri ikate ushuru kiasi gani? Mambo haya hayazaliwi siku waziri anaposimama bungeni Dodoma. Kabla yake kuna karatasi imeandikwa, kuna semina imefanyika, kuna mtaalamu ameitwa kutoa mada. Mtaalamu huyo ametoka wapi? Na nani kamtuma?

Hao ndio wageni wetu wa leo: taasisi za utafiti wa sera, na hasa zile zinazotetea soko huria. Na katika safari yetu yote nitakuomba ushike swali moja. Swali lenyewe ni hili: ushauri ukikosewa, hasara ikija, nani anaibeba? Nitalirudia, usichoke.

Tuanzie mbali kidogo, Uingereza. Kulikuwa na bwana mmoja akiitwa Antony Fisher. Alikuwa rubani wa vita, kisha akawa mfugaji. Mwaka 1945, katika jarida la Reader's Digest, alisoma ufupisho wa kitabu cha mwanauchumi Friedrich Hayek, kilichoonya kwamba dola likishika uchumi wote, uhuru wa raia nao unapotea. Fisher alimfuata Hayek kumwomba ushauri: niingie kwenye siasa? Hayek akamkataza. Akamwambia wanasiasa hufuata fikra zilizokwisha kuenea, kwa hiyo anayetaka kubadili nchi aanze kubadili fikra.

Fisher akaenda kufuga kuku wa nyama kwa wingi, akatajirika, na mwaka 1955 akaanzisha London taasisi ya mambo ya uchumi, Institute of Economic Affairs. Kazi yao ilikuwa kuandika vijitabu vifupi, kualika waandishi wa habari na kuzungumza na wasomi: punguzeni mkono wa Serikali, acheni bei itafutane yenyewe sokoni. Kwa miaka mingi walionekana watu wa pembeni. Mwaka 1979 Margaret Thatcher akawa waziri mkuu, na fikra zilizokuwa kwenye vijitabu zikawa sera ya Serikali. Miaka miwili baadaye, 1981, Fisher akaanzisha mtandao wa Atlas, wa kusaidia taasisi za namna hiyo duniani kote.

Umeona, msikilizaji? Fedha za kuku zimezaa taasisi, taasisi imezaa vijitabu, na vijitabu baada ya zaidi ya miaka 20 vimeingia serikalini. Kwa hiyo usidharau karatasi.

Je, huku kwetu Afrika Mashariki? Wapo. Nairobi, mwaka 2001, James Shikwati alianzisha taasisi iitwayo Inter Region Economic Network. Mwaka 2005, wakati mataifa tajiri yakijadili kuiongezea Afrika misaada, Shikwati aliliambia jarida la Ujerumani, Der Spiegel, kwamba misaada hiyo isitishwe. Hoja yake ilieleweka hata kwa mtu asiyesoma uchumi: mahindi ya bure yakimwagwa, mkulima wa jirani anakosa mnunuzi, mitumba ikijaa, kiwanda cha nguo kinafungwa. Sisi tunaolima pamba na kuvaa mitumba, hoja hiyo tunaielewa bila kufundishwa.

Dar es Salaam nako kuna vijana wa Liberty Sparks, wanaohubiri uhuru wa kufanya biashara. Lakini tusichanganye mambo. Taasisi kubwa za utafiti nchini kwetu, kama ESRF iliyoanza mwaka 1994, na REPOA iliyoanza miaka hiyo hiyo, si za kambi ya soko huria. Hizo hutafiti umaskini, kilimo na viwanda, na Serikali yenyewe huzituma. ESRF hawa ndio walioandaa mwongozo wa uwekezaji wa mkoa wetu wa Simiyu mwaka 2017, kwa kushirikiana na UNDP. Kwa hiyo unapokanyaga ardhi ya Nkololo, ujue kuna mahali imeshaandikwa vitabuni kwamba hapa kuna pamba, kuna mifugo, njooni muwekeze.

Na kabla ya taasisi hizi kulikuwa na mabishano makali zaidi. Mwaka 1979 Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, alijiuzulu baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwalimu alihoji hadharani tangu lini shirika hilo limekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Wachumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao wakaanza kujadili kwa sauti: tunaendeleaje na hali hii, dukani hakuna sabuni, hakuna sukari? Mwaka 1986, chini ya Mzee Mwinyi, nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha. Mzee Ruksa akafungua milango. Na mwaka 1994 ruksa ikafika kwenye pamba.

Sasa tuje nyumbani. Tuje ghalani.

Mkokoteni wa ng'ombe umefika. Pamba imeshushwa, imefungwa kwenye turubai, inaning'inizwa kwenye ndoano ya mizani. Mshale unacheza, unatulia. Karani anausogelea, anataja kilo, anaandika kwenye stakabadhi. Kisha anaingiza mkono katikati ya mzigo na kuvuta konzi moja: hii ni nyeupe, safi, hii ina majani na madoa, hii ni fifi. Mama mwenye mzigo anamwangalia usoni, haangalii mshale, kwa sababu kutoka alipoambiwa asimame mshale hauonekani.

Hapo, msikilizaji, kwa dakika chache, yameamuliwa mambo manne. La kwanza, kilo. La pili, daraja, safi au fifi. La tatu, bei. La nne, siku ya kulipwa. Narudia: kilo, daraja, bei, na siku ya kulipwa. Mkulima anahitaji yote manne. Likiharibika moja, mengine matatu hayamponyi.

Na ukiitazama historia ya pamba yetu, utaona kitu cha ajabu. Kila mfumo ulioletwa ulikuja kuponya moja kati ya hayo manne, na ukaumiza jingine.

Wazee mnakumbuka, au mlisimuliwa na wazazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kilio kilikuwa kilo. Wafanyabiashara walinunua pamba vijijini, na wakulima wakawa na hakika kwamba mizani inawapunja. Wakaweka wapimaji wao wenyewe kuhakiki uzito. Kutokana na kilio hicho ukakua ushirika. Paul Bomani na wenzake wakawaunganisha wakulima, na mwaka 1955 kikaundwa Chama Kikuu cha Victoria, kilichokuja kuwa kati ya vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika nzima. Mkumbuke, hao hawakuwa na taasisi ya utafiti. Walikuwa na mizani yao na daftari lao.

Kisha Serikali ikauona ushirika kama kitu chake. Mwaka 1976 vyama vikavunjwa, Mamlaka ya Pamba ikanunua moja kwa moja vijijini. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha, nasi tukawa chini ya SHIRECU ya Shinyanga. Bei ilikuwa moja kila mahali, pembejeo zilikuja kwa mkopo. Ila la nne likaumia: siku ya kulipwa. Unapeleka pamba, unapewa karatasi, unasubiri. Mtoto anarudishwa nyumbani kutoka shule, karatasi bado iko chini ya godoro.

Ndipo likaja soko huria, 1994. Na hapa watetezi wa soko huria wana haki ya kujivunia. Wanunuzi binafsi walikuja na fedha mkononi. Unapima, unalipwa palepale. Jineri mpya, yaani viwanda vya kuchambua pamba, zikajengwa. Mkulima akapata nafasi ya kusema: huyu bei yake ndogo, nampelekea yule. Nani hapa anatamani karatasi za kusubiri zirudi? Sidhani kama yupo.

Lakini la pili likaharibika, daraja. Wanunuzi walipogombania mzigo, hakuna aliyekagua. Safi na fifi zikawa bei moja. Basi mtu akaona, ya nini nihangaike kuchambua? Wengine wakamwagia maji, wengine wakatia mchanga na chumvi ili mizani iseme uongo kwa faida yao. Sifa ya pamba ya Tanzania ikashuka nje. Na mikopo ya pembejeo ikafa, kwa sababu kampuni ikikukopesha dawa leo, msimu ukifika unampelekea pamba mwingine. Mnakumbuka pasibuku? Ilibuniwa kuziba pengo hilo: unakatwa fedha kidogo unapouza, inaandikwa kwenye kitabu, msimu ujao unachukulia ekapaki za dawa. Ilikuja na malalamiko yake, ikaondoka.

Swali letu: hasara ikija, nani anaibeba? Mshauri aliyeandika kwamba soko litarekebisha kila kitu lenyewe hakuwahi kukosa dawa wakati funza wa vitumba wakitafuna shamba. Mshahara wake ulitoka mwisho wa mwezi kama kawaida.

Hebu ngoja, usishangilie haraka. Upande wa pili nao tuupime kwa mizani hiyo hiyo.

Mwaka 2018 Serikali iliagiza pamba yote iuzwe kupitia AMCOS. Nia ilikuwa njema: kurudisha utaratibu, kuondoa mawakala wa vichochoroni, kurejesha ubora. Mwaka 2019 ikatangazwa bei elekezi ya shilingi 1,200 kwa kilo. Tukafurahi. Lakini pamba yetu nyingi huuzwa nje, na bei ya nje haisikilizi tangazo la Dodoma. Mwaka ule Marekani na China walikuwa katika vita ya biashara, bei ya dunia ikaporomoka. Wenye jineri wakasema tukinunua kwa bei hiyo tunafilisika. Wakasita. Pamba ikalala kwenye maghala ya AMCOS, hadi Serikali na benki zikaingilia kati, na wakulima wengi wakasubiri fedha zao kwa miezi. Bei ilikuwa nzuri kwenye karatasi, siku ya kulipwa ikapotea.

Na hasara aliibeba nani? Aliyetangaza bei? Hapana. Ni yule yule mwenye mkokoteni.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nasema hivi, na nitalisema polepole. Taasisi ya soko huria inapokwambia bei ya amri ina hatari, msikilize, 2019 tuliiona. Afisa wa Serikali anapokwambia soko lisilo na msimamizi linaharibu ubora na pembejeo, naye msikilize, tuliona baada ya 1994. Yeyote kati yao akikuletea jambo moja tu kati ya yale manne, mwulize: na hayo matatu?

Tuchukue mifano mingine miwili ya haraka, ambapo watetezi wa soko huria walikuwa na hoja nzito. Mfano wa kwanza ni ushuru wa mazao. Kwa miaka mingi wafanyabiashara na watafiti walilalamika kwamba mageti ya ushuru yanamnyonya mkulima, kwa sababu mnunuzi hukata ushuru ule kwenye bei anayokupa. Mwaka 2017 ushuru wa halmashauri ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na 2 kwa mazao ya chakula. Na anayehamisha mzigo usiofika tani 1 kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa ushuru kabisa. Wewe unayepeleka gunia zako mbili za mpunga kwa shangazi wilaya ya jirani, hilo lilikulenga wewe, ulizia kama bado lipo, usikamatwe getini bure.

Mfano wa pili ni mahindi. Mwaka huo huo wa 2017 Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Sababu ilikuwa kulinda chakula, nayo si sababu ndogo kwa sisi tunaojua njaa. Lakini mavuno yalipopatikana, mahindi yalijaa ndani na bei ikaanguka, na aliyelima kwa mkopo akabaki na madeni na maghala yaliyojaa. Zuio likaja kuondolewa baadaye. Hapo pia, aliyelinda chakula cha mjini alikilinda kwa mfuko wa mkulima.

Sasa nina neno kwa hao watetezi wenyewe. Mabwana, mabibi, mkija kutuambia tushindane sokoni, twambieni pia habari ya Marekani. Serikali ya Marekani imewapa wakulima wake wa pamba ruzuku kwa miongo mingi. Mwaka 2003, kwenye mkutano wa biashara wa dunia huko Cancún, Mexico, nchi nne za Afrika, yaani Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilisimama zikasema: ruzuku hizi zinashusha bei ya dunia na kutuua sisi tunaolima kwa jembe la mkono. Brazil nayo iliishitaki Marekani kwenye Shirika la Biashara Duniani, ikashinda. Kwa hiyo mkulima wa Nkololo anaposhindana, anashindana na shamba la Texas pamoja na hazina ya Serikali iliyo nyuma yake. Anayehubiri soko huria Dar es Salaam aanze kwa kuhubiri Washington, au angalau ahubiri kote kuwili kwa sauti moja.

Na hili linatuleta kwenye swali la fedha. Taasisi hizi zinaishi kwa nini? Nyingi zinaishi kwa ufadhili: mifuko ya nje, mashirika ya maendeleo, serikali za Ulaya, matajiri, na wakati mwingine Serikali yetu yenyewe. Kufadhiliwa si dhambi. Utafiti ni gharama. Kumtuma mtu azunguke kaya kwa kaya kuna nauli na posho. Lakini mfadhili ajulikane. Taasisi ya soko huria iseme nani anailipa, na ile inayoisifu Serikali nayo iseme nani anailipa. Msikilizaji akishajua, atajipimia mwenyewe.

Pia tusisahau kwamba mjadala unahitaji hewa. Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu, ikawa kosa kutangaza takwimu zinazokinzana na zile rasmi. Mwaka 2019 masharti hayo yakalegezwa. Nalitaja hili kwa sababu moja. Kama mtafiti anaogopa kuandika kwamba wakulima hawajalipwa, sisi ndio tunaobaki bila shahidi. Hata taasisi ambayo fikra zake hupendi, ni afadhali iandike ukaipinga kuliko inyamazishwe.

Tunakaribia mwisho. Utaniuliza: mzungumzaji, sisi wa Nkololo tufanye nini? Hatuna taasisi, hatuna ofisi Dar es Salaam, semina hatualikwi.

Nakujibu: kina Bomani walianza na mizani na daftari. Wewe una stakabadhi. Msimu ukifunguliwa, usiitupe. Itunze, na kwenye daftari la mtoto la shule andika mistari minne tu. Kilo ulizopimiwa, na tarehe. Daraja ulilopewa. Bei. Na siku fedha ilipofika mkononi au kwenye simu. Mambo manne yale yale. Akina mama, hasa ninyi, maana pamba mnaichuma ninyi na stakabadhi mara nyingi inaandikwa jina la baba.

Kisha kwenye mkutano mkuu wa AMCOS, simameni muombe mambo mawili. Mizani iwekwe mahali ambapo mwenye mzigo anaona inachosoma. Na katibu asome mbele ya wanachama wastani wa siku walizosubiri malipo msimu uliopita. Wakulima 100 wakiwa na madaftari yaliyojazwa, huo tayari ni utafiti. Mpelekeeni diwani, mpelekeeni mbunge, na nakala ifike Bodi ya Pamba. Na siku mtafiti atakapokuja na dodoso lake, awe wa soko huria, awe wa Serikali, awe wa chuo kikuu, mpokeeni kwa heshima, mpeni kiti na maji ya kunywa, halafu mwekeeni madaftari mezani aanzie hapo. Na kabla hajaondoka mwulizeni lile swali letu: ushauri wako ukishindikana, hasara ikija, nani anaibeba? Akishindwa kulijibu, basi karatasi yake haijakamilika, arudi akaimalize.

Muda wangu umeisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Kama una maoni, au unapenda tusome hewani bei yako na siku ulizosubiri malipo, lete kituoni, tutasoma bila kutaja jina lako. Juma lijalo tutazungumza juu ya choroko na dengu na mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao nao una marafiki wengi na maadui wengi hapa Kanda ya Ziwa.